Anko wa Upande Gani?

Kwenye duka ninakonunua sukari, jirani na soko la Kilombero, kuna kijana anayemwita mwenye duka "anko". Siku moja, nikisubiri chenji, nikamuuliza: anko wa upande gani, kwa baba au kwa mama? Akatupia jicho pazia la stoo, akacheka kidogo. "Anko tu, mama." Akanihesabia sarafu zangu.

Nilipofika nyumbani niliifungua tena Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anapandishwa treni na tajiri Aziz, mgeni wa nyumbani kwao ambaye kila akija humwachia sarafu. Yusuf anaamini huyo ni ndugu wa wazazi wake. Khalil, kijana wa dukani, ndiye anayemtoa tongotongo: huyu si ndugu yako, mwite seyyid, wewe ni rehani ya deni la baba yako.

Mwandishi mwingine angeificha siri hiyo hadi ukurasa wa mwisho. Gurnah anaitoa mapema, halafu msimulizi anaendelea kumwita Aziz kwa jina lile lile la udugu, safari nzima ya bara, na mizigo na maiti njiani, kana kwamba hakusikia. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Uongo tumeshaujua, na bado tunausoma mpaka ulimi unauzoea. Kiingereza alichoandikia Gurnah kina neno moja, "uncle", kwa ndugu wa kiume wa baba na wa mama. Kiswahili kinakubana: ami, mjomba, baba mdogo, ukitamka tu umeshataja ukoo. "Anko" yetu ya mjini imeuponyoka mtego huo.

Wasomaji hubishana kuhusu mwisho, Yusuf anapoukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani, hao hao waliotujengea Boma hapa Arusha mwaka 1900. Mimi hubaki nyuma, na Khalil. Naye aliwekwa rehani. Baba yake amekufa, deni limekwisha, lakini haondoki, maana Amina, binti aliyelelewa kwao kama dada yake, ameolewa na Aziz na yuko ndani ya ukuta wa bustani. Hebu hesabu udugu hapo. Asiye ndugu wa Yusuf anaitwa ndugu. Khalil, ambaye Aziz ni shemeji yake wa ndoa, humwita seyyid, na usiku ukiingia hutandika mkeka wake barazani, nje ya duka.