Tuzo na Adabu Yake katika Kibaha na Kisarawe

Methali isemayo “Mcheza kwao hutunzwa” hujulikana na kila asemaye Kiswahili, lakini ni wachache waipimao kwa maneno yake. Kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni sifa: mtu akifanya jambo jema kati ya watu wake, hapotezi jasho lake. Ikitazamwa vizuri, methali hii ina lawama pia ndani yake. Haikusema kwamba achezaye vizuri hutunzwa; imesema kwamba hutunzwa achezaye kwao. Mahali pametajwa pale ambapo ustadi ungetazamiwa kutajwa. Kitenzi nacho kimewekwa katika hali ya kutendwa, na mtoaji wa tuzo hakutajwa kabisa. Basi maswali mawili yamebaki wazi: ni nani atunzaye, na atunza kwa sababu gani? Adabu yote ya kutoa na kupokea tuzo katika nchi ya Pwani ni jitihada ya kuyajibu maswali hayo mbele ya watu.

Yafaa kitenzi chenyewe kiangaliwe kwanza. Kutunza ni kulinda na kulea, kama mtu atunzavyo mtoto, shamba au siri. Tena kutunza, au kutuza kama wasemavyo wengine, ni kumpa mchezaji au mwimbaji fedha, kanga au kitu kingine kwa kuridhishwa naye. Kamusi huzitenga maana hizi mbili, na hufanya vyema. Lakini katika vinywa vya watu zinagusana, maana amtunzaye mchezaji humlipa kwa alilolitenda na papo hapo humlea kwa atakalolitenda. Tuzo si ujira, kwa kuwa ujira hupatanwa kabla ya kazi. Wala si zawadi tu, kwa kuwa zawadi yaweza kutolewa faraghani, kwa mtu asiyefanya kazi yoyote. Tuzo haina budi ionekane, na haina budi iwe na kazi iliyoisababisha.

Katika vijiji vya Kisarawe, tangu vilima vya Pugu mpaka upande wa Maneromango, maana ya neno “kwao” ni nyepesi kufahamika. Ramadhani Mwaruka aliandika habari za nchi hiyo katika Masimulizi juu ya Uzaramo (1965), na Marja-Liisa Swantz alizichunguza ibada na ishara za Wazaramo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Ngoma katika nchi hiyo si pumbao tu, bali ni mlango wa kupitia kutoka umri mmoja kuingia mwingine. Mwali aliyewekwa ndani na kufundwa hutolewa nje kwa ngoma, na jamaa na majirani humtunza. Mtunzaji husogea kwa mwendo wa ngoma, huiweka fedha mkononi au mwilini mwa anayetunzwa, kisha hurudi mahali pake. Anayetunzwa hasimami kuhesabu, wala haachi kucheza ili ashukuru, kwa kuwa shukrani yake ni kuzidi kucheza. Wapiga ngoma nao hawasahauliwi.

Mambo matatu yanadhihirika hapo. Kwanza, mtunzaji hujulikana kwa sura na kwa ukoo, na wote humwona. Pili, tuzo hukumbukwa: aliyetunza leo anatazamiwa kutunziwa mwanawe kesho, na asiyerudisha husemwa. Tatu, na hili mara nyingi husahauliwa, ipo njia ya heshima ya kutokutunza. Utani, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, humruhusu mtani kumwambia mchezaji hadharani kwamba miguu yake ni mizito, wala pasiwe na ugomvi. Kwa hiyo jamii iliyofungwa na deni la tuzo ilijiwekea pia ulimi ulio huru. Bila ya ulimi huo, lawama iliyofichwa katika methali ingekuwa kweli tupu: kila achezaye kwao angetunzwa, na tuzo isingesema neno lolote juu ya uchezaji wake.

Kibaha ni mahali pa namna nyingine. Mji huu ulio katika barabara kuu iendayo Morogoro ndio makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Mradi ulioanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na mataifa ya Nordiki, na kukabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970 ukawa Shirika la Elimu Kibaha, uliwaleta walimu, wanafunzi na wafanyakazi kutoka mikoa mingi. Katika ukumbi wa mji kama huu, watazamaji hawajui ukoo wa mwimbaji, na mwimbaji hajui ukoo wao. Hapo “kwao” imevunjika. Lakini tuzo haikufa; imebadili msingi wake, na taarabu ndiyo iliyoonyesha jinsi ya kuubadili.

Katika taarabu, mtunzaji hatoki kitini wakati wowote apendao. Husubiri ubeti, na pengine mshororo mmoja, ndipo anyanyuke na kwenda mbele akiwa ameinua noti yake. Kelly Askew, katika kitabu chake juu ya muziki na siasa za utamaduni Tanzania (2002), ameeleza jinsi tendo hili linavyokuwa usemi kamili: mtunzaji huyafanya maneno ya mwimbaji kuwa yake, na pengine huyaelekeza kwa hasimu wake aliyekaa ukumbini humo. Wakati wa mashindano makali ya Tanzania One Theatre na Muungano katika miaka ya 1990, wengi walilaumu kwamba tuzo zilifuata matusi kuliko usanii. Lawama hiyo ilikuwa na haki yake. Hata hivyo haiwezi kukanusha kwamba tuzo ya taarabu ina mahali pake. Mtu akitoka katika ubeti wa tatu, ukumbi mzima umejua kwamba ubeti wa tatu ndio uliomgusa. Mtunzaji ametenda kazi ya mhakiki: ameuonyesha kwa kidole. Kwa njia hiyo hata wageni wasiojuana waliweza kutunza kwa adabu, kwa kuwa mahali pa ukoo pamechukuliwa na mahali pa ubeti.

Mtu anayesikiliza kwa mbali ana tabu nyingine. Siti binti Saad aliporekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, sahani za santuri ziliifikisha sauti yake kwa watu ambao wasingeweza kamwe kusogea mbele yake na noti. Tangu hapo msikilizaji amekuwa na masikio bila ya mkono wa kutunzia. Simu za siku hizi zimemrudishia mkono, lakini ni mkono wa namna ya pekee. Kijana wa Mlandizi anayetunga mashairi, au wa Kisarawe anayechora au kuimba, huiweka kazi yake mbele ya wenziwe wa mtandaoni, nao huigusa alama ya kupenda, ile ambayo Facebook iliianzisha mwaka 2009. Vijana huiita laiki, na tendo lake kulaiki.

Neno hili lastahili kusimamiwa kidogo. Limetoka katika Kiingereza, lakini limekuta nyumba ina mwenyewe. Kiswahili cha washairi kilikuwa tayari na kitenzi laiki, chenye asili ya Kiarabu, kwa maana ya kufaa, kupasa, kustahili. Laiki ya kale inasema habari ya kitu: kitu hiki kimestahili. Laiki mpya inasema habari ya mtu: mimi nimependa. Tofauti hiyo si ya matamshi, maana hakuna tofauti ya matamshi. Ni tofauti ya hukumu na hisia. Ndipo ilipo hasara inayopasa kuhofiwa. Alama mpya imerithi deni la kijijini, kwa kuwa vijana hulaikiana kwa zamu, na asiyerudisha hununiwa. Lakini haikurithi ulimi wa mtani. Imerithi wingi wa ukumbi wa mji, lakini haikurithi mahali pa ubeti. Huliangukia shairi zima kwa mguso mmoja, wala mtunzi hajui kama alipendwa yeye, picha yake au mshororo wake wa mwisho.

Yawezekana kujibiwa kwamba tuzo ya kale haikuwa safi. Mwenye mali alinunua sifa kwa noti, na maskini aliyeguswa zaidi alibaki kitini. Jibu hili ni la haki, na uzuri mmoja wa alama mpya ni kwamba haina bei: kidole cha mvuvi na cha tajiri vina uzito sawa. Lakini kitu kisichogharimu chochote hutolewa bila ya kupimwa. Methali nyingine yatoa onyo lake: “Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.” Kosa halikuwa la mgema peke yake. Waliomsifu walimsifu yeye, hawakulisifu tembo. Kama wangalilitaja tembo na ladha yake, maji yangalijulikana siku ile ile. Hata kuificha hesabu ya alama, kama Instagram ilivyowaruhusu watumiaji wake mwaka 2021, hakuponyi kosa hili. Huondoa aibu ya uchache, lakini hakuuweki ubeti mahali pake.

Dawa haipo mbali, wala si ngeni. Mambo Leo, gazeti lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi ya wasomaji walioishi mbali mbali na wengi wao hawakupata kuonana. Aliyeridhishwa na shairi la mwenziwe aliweza kumjibu kwa shairi; na aliyepinga, hali kadhalika. Jibu lilimgharimu kazi, lilimtaja mtungaji, na lilishika hoja iliyosemwa. Ilikuwa tuzo ya watu wa mbali iliyotimiza masharti yote ya ukumbini.

Kwa hiyo adabu inayofaa kwa wasanii vijana wa Kibaha na Kisarawe yaweza kusemwa kwa maneno machache. Atunzaye na autaje mshororo uliomgusa. Atunzwaye asiombe tuzo, wala asihesabu hadharani, bali ashukuru kwa kazi ya pili iliyo bora. Asiyeguswa apewe ruhusa ya kunyamaza bila ya kununiwa, na mtani apewe ruhusa ya kusema. Jumuiya ikiyashika hayo, atakayecheza humo, hata akiwa mgeni, atakuwa amecheza kwao. Isipoyashika, alama zitaongezeka kila siku, naye mtunzi wa Mlandizi hatajua kamwe ni mshororo upi ulioimbwa vyema.