Gia, Jino na Sproketi: Uhakiki wa Istilahi za Pikipiki Zinazopanda Vilima vya Kasulu na Kibondo

Ndugu msomaji aliyewahi kusafiri kutoka Kigoma mjini kwenda Kasulu, na kutoka Kasulu kwenda Kibondo, hana haja ya kuelezwa kwa nini fundi wa pikipiki wa huko ana kazi tofauti na ya mwenzake wa Dodoma. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kiasi cha meta 770 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo msafiri hupanda mamia ya meta kabla ya kuiona Kasulu, na akiendelea kaskazini vilima havimwachi. Mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, na hadi Aprili au Mei njia za vijijini huwa ni utelezi mtupu. Barabara kuu imekuwa ikiwekwa lami, lakini gunia la maharage halianzii safari yake kwenye lami, wala mama mjamzito anayekimbizwa zahanati hakai kando ya barabara kuu. Huko ndiko bodaboda inakofanya kazi yake ngumu.

Sasa pikipiki hiyo aghalabu imeundwa kwa ajili ya barabara tambarare na mtu mmoja au wawili. Ikipelekwa kilimani na mzigo mkubwa, mashine hulemewa, klachi huungua, na chombo huzimika katikati ya mwinuko, mahali ambapo kurudi nyuma ni hatari zaidi kuliko kusonga mbele. Dawa inayojulikana na mafundi ni kubadili idadi ya meno ya magurudumu mawili yanayoshikwa na mnyororo: lile dogo lililo kwenye mashine, na lile kubwa lililo kwenye tairi la nyuma. Jambo hili ni hesabu ya darasa la tano. Ikiwa mbele kuna meno 14 na nyuma 42, mashine huzungusha gurudumu la mbele mara 3 ili tairi lizunguke mara 1. Tukiweka la meno 13 mbele, inakuwa mara 3.23. Tukiacha 14 mbele na kuweka 45 nyuma, inakuwa mara 3.21. Kwa hiyo jino moja la mbele ni karibu sawa na meno matatu ya nyuma. Nguvu ya kupanda huongezeka kwa karibu asilimia 8. Lakini mwendo hupungua, na mashine iliyokuwa ikienda kilometa 60 kwa saa sasa, kwa mzunguko ule ule, itakwenda kama 56. Anayeshinda kwenye lami atapoteza petroli, na anayeshinda kilimani atapona.

Tumeanza na ufundi ili msomaji aone kwamba istilahi tunazozihakiki hapa zinahusu usalama wa watu. Mjini Kasulu tulionyeshwa karatasi ya maelekezo iliyofungwa pamoja na mnyororo mpya na magurudumu yake mawili ya meno. Karatasi hiyo ilikuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili. Kampuni hatuitaji, wala mfasiri hatumjui. Huenda alikuwa mbali sana na pikipiki, akafanya kazi yake kwa uaminifu wote kwa msaada wa kamusi. Sarufi yake ni safi. Kosa lake liko katika majina.

Kwanza, neno gia limebebeshwa mizigo minne. Katika karatasi hiyo hiyo moja, gia ni gurudumu la meno la mbele. Gia ni gurudumu la meno la nyuma. Gia ni hatua anayoichagua dereva kwa mguu wake, ya kwanza, ya pili na kuendelea. Na gia ni uhusiano wa hesabu kati ya meno ya mbele na ya nyuma. Mfasiri anapomwambia msomaji atumie gia kubwa kwa ajili ya milima, msomaji afanye nini? Akielewa kuwa ni gurudumu kubwa la nyuma, amepata. Akielewa kuwa ni gurudumu kubwa la mbele, amefanya kinyume kabisa, na pikipiki yake itakuwa dhaifu kuliko ilivyotoka dukani. Akielewa kuwa ni hatua ya kiboksi, bado kuna utata, maana wako madereva wanaoiita ya kwanza kubwa kwa sababu ina nguvu, na wako wanaoiita ya tano kubwa kwa sababu namba yake ni kubwa. Neno moja, tafsiri nne, na tatu kati ya hizo humwacha mtu kwenye matope.

Pili, na hapa ndipo tulipocheka kwa uchungu, karatasi inamtaka fundi aondoe jino moja mbele. Katika lugha ya mafundi wa Kiingereza, kushusha jino ni njia ya mkato ya kusema kwamba uvue gurudumu lenye meno 14 na uvike lenye 13. Katika Kiswahili, kuondoa jino ni kuling'oa. Kijana aliyejifunza ufundi wiki tatu zilizopita, na ambaye anaheshimu maandishi, anaweza kuchukua tupa na kuanza kazi. Asipofanya hivyo, basi ni kwa sababu ameidharau karatasi, na hilo nalo ni hasara. Maandishi ya Kiswahili yanapozoeleka kudharauliwa na mafundi, watarudi kuomba ya Kiingereza wasiyoyasoma vizuri.

Chanzo cha kosa la pili kinafaa kuelezwa, kwa sababu watafsiri wengi wataangukia humo. Neno la Kiingereza lililotupa sproketi lina maana mbili katika kamusi zao: jino lenyewe linaloingia kwenye mnyororo, na gurudumu zima lenye meno hayo. Mfasiri anayekomea kwenye maana ya kwanza ataandika jino mahali palipotakiwa gurudumu. Baada ya hapo hana tena neno la kuhesabia.

Wako wenzetu watakaosema kwamba suluhisho ni kuandika gurudumu la meno kila mahali, na kuliacha neno la kigeni likae dukani. Tumelitumia sisi wenyewe hapo juu ili tulipime. Linaeleweka, lakini lina kasoro mbili. Ndani ya kiboksi cha gia yamo magurudumu ya meno mengi ambayo hayaguswi na mnyororo hata kidogo. Jina hili haliyatofautishi na yale tunayoyataka. Tena, katika pikipiki tayari kuna magurudumu mawili yanayogusa ardhi, na sentensi kama vua gurudumu la meno la gurudumu la nyuma ni mzigo kwa msomaji. Sproketi limekwisha kuingia madukani na vibandani, ingawa ulimi wa wengi hulilainisha likawa spoketi. Hatuoni aibu ya kulipokea. Breki, klachi, springi na tairi ziliingia kwa mlango huo huo, na leo hakuna mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi kwa kuzitamka. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka mwaka 1981, pikipiki haikuwa bado chombo cha biashara cha kijijini. Kanuni za leseni za pikipiki za kubeba abiria zilikuja mwaka 2010. Si haki kuwalaumu waliotutangulia kwa kutotaja kitu ambacho hakikuwa na haja ya kutajwa.

Tukishalipokea jina, linabaki swali la kuzitofautisha sproketi mbili. Wafaransa wana majina mawili: pignon kwa ile ndogo ya kwenye mashine, na couronne, yaani taji, kwa ile ya nyuma. Ni jambo zuri, na tulivutiwa kidogo na taji. Lakini kwetu kuna baiskeli, na baiskeli inaharibu mpango wowote wa kuzipa majina kwa ukubwa. Katika pikipiki sproketi ya mbele ni ndogo na ya nyuma ni kubwa; katika baiskeli ya kawaida ya mlango wa nyumba ya mwanakijiji wa Kibondo, ya mbele yenye pedeli ni kubwa na ya nyuma ni ndogo. Fundi aliyeanzia kwenye baiskeli, na wengi walianzia huko, akiambiwa abadili sproketi ndogo, mkono wake utakwenda nyuma. Kwa hiyo tunapendekeza mahali pawe ndipo panapotoa jina: sproketi ya mbele na sproketi ya nyuma. Hili halimdanganyi mtu wa baiskeli wala wa pikipiki.

Hata hivyo tuwe waaminifu. Katika nchi za theluji wako wanaoichukua pikipiki ya nje ya barabara, wakaondoa tairi la mbele na kuweka ubao wa kuteleza, wakaondoa na tairi la nyuma na kuweka mkanda mpana wa mpira wenye makucha marefu, ili chombo kipite juu ya theluji. Mashine hubaki ile ile, ila mnyororo wake sasa haufiki kwenye tairi, kwa kuwa halipo. Huishia kwenye mhimili ulio katikati, unaoupelekea mkanda nguvu. Mkanda ni mzito, theluji laini humeza nguvu kama matope yanavyoimeza, na mwenye chombo hurudi kwenye swali lile lile la Kasulu: meno mangapi huku na mangapi kule? Mwalimu wa chuo cha ufundi anayefasiri kitabu cha namna hiyo ataona kwamba jina la mbele na nyuma limeanza kulegea. Kwake tungependekeza sproketi inayovuta mnyororo na sproketi inayovutwa na mnyororo. Ni maneno marefu, yanafaa kitabuni kuliko kibandani. Lakini hayategemei tairi liko wapi, na yatafaa pia kwa mashine za kusaga na nyinginezo zinazoendeshwa kwa mnyororo.

Kuhusu uhusiano wa meno, tumeridhika na uwiano wa meno, maadamu shule zimekwisha kulizoesha neno uwiano katika hisabati. Lakini tunaonya juu ya kuuita uwiano mkubwa au mdogo, wa juu au wa chini. Kiingereza chenyewe kimejichanganya hapo: namba ikipanda, husema gia imeshuka. Hatuna sababu ya kuurithi mkanganyiko huo. Na itajwe faida: uwiano wa nguvu, au uwiano wa mwendo. Gia libaki na kazi moja tu, hatua za kiboksi.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na orodha zake za Tafsiri Sanifu zimewasaidia sana watumishi wa ofisi na walimu wa sayansi. Tungependa orodha ya namna hiyo ianzie kwenye kibanda cha fundi, na kamati iende na kalamu mahali penye grisi kabla ya kukaa mezani. Kwa sasa tunaiandika upya sehemu ile ya karatasi ya maelekezo, ili wasomaji waipime na kuikosoa:

Pikipiki hii ina sproketi ya mbele yenye meno 14 na sproketi ya nyuma yenye meno 42. Uwiano huu ni wa barabara tambarare. Ikiwa utapanda milima kwa mzigo au kupita kwenye matope, tumia uwiano wa nguvu: vua sproketi ya mbele na uvike yenye meno 13, au acha ya mbele kama ilivyo, vua ya nyuma na uvike yenye meno 45. Usikate wala kusaga jino la sproketi yoyote. Ukiongeza meno ya nyuma, hakikisha mnyororo una urefu wa kutosha. Ukipunguza meno ya mbele, mnyororo utakunjwa zaidi na utachakaa mapema. Ukague mara kwa mara. Mwendo wako wa juu kabisa utapungua.