Kubadili Mkanda Bapa Bila Kung'oa Spindeli

Bushi ya pikipiki, shafti ya mashine ya kumenyea kahawa, puli ya msumeno wa mbao: katika miji kama Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, vyote hivyo vikiharibika hupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kukereza chuma. Mkanda wa mashine hiyo ukikatika, wanaongoja ni wengi.

Kuagiza mkanda wa kiwandani si jambo la siku moja. Mzigo kutoka Uganda huvuka mpaka wa Kasindi hadi Beni, kisha husafiri zaidi ya kilomita 50 kufika Butembo, katika eneo ambalo waasi wa ADF wameshambulia wasafiri mara nyingi. Njia ya kusini ya kuelekea Goma nayo ilivurugika zaidi waasi wa M23 walipoiteka Kanyabayonga mwezi Juni 2024. Kinachopatikana karibu ni mkanda wa injini ya gari, ule mpana wenye mifereji upande mmoja. Unafaa, mradi kiungo chake kifanywe sawasawa.

Kiungo hakiepukiki kwa sababu ya spindeli, yaani shafti inayozungusha chuma kinachokerezwa. Chukua mfano wa South Bend ya inchi 9, mashine ya kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 huko Indiana, Marekani. Puli yake ya ngazi imevalishwa kwenye spindeli, na spindeli imeshikwa na beringi pande zote mbili. Mkanda mzima, usiokatwa, hauwezi kuingia hapo mpaka spindeli ing'olewe. Beringi hizo zina nafasi finyu sana. Zikirudishwa vibaya, spindeli itacheza au itapata moto, na kazi haitatoka duara kamili. Ni salama zaidi kuuzungusha mkanda uliokatwa kwenye puli, kisha kuuunga hapo hapo.

Kipimo huchukuliwa kwa uzi, mota ikiwa imesogezwa karibu ili baadaye ibaki nafasi ya kukaza. Kama mkanda ni wa ngozi, hupunguzwa takriban milimita 10 kwa kila mita, kwa kuwa utavutika.

Kuunga kwa kulabu za chuma ni haraka, lakini kila kulabu zinapopita juu ya puli hugonga, na mdundo huo huacha alama kwenye chuma kinachokerezwa. Kiungo cha gundi ni kitulivu zaidi. Ncha mbili za mkanda huchongwa kama kabari ndefu, moja kwa juu na nyingine kwa chini, ili zikilaliana unene usiongezeke. Kwenye mkanda wa gari, upande wa mifereji husuguliwa kwenye ncha moja na mgongo laini kwenye nyingine, mpaka nyuzi za ndani zikaribiane. Nyuzi hizo ndizo zinazobeba mvuto. Gundi hupakwa, kisha kiungo hubanwa kati ya mbao mbili hadi kikauke kabisa. Mgongo laini ndio unaogusa puli, mifereji inatazama nje.

Kabla ya kuwasha, puli lazima zisafishwe. Mkanda ukizunguka nusu ya puli, na kigezo cha msuguano kikiwa 0.3, upande uliokazwa unaweza kuvuta mara 2.6 hivi ya upande uliolegea kabla mkanda haujateleza. Mafuta yakiushusha msuguano hadi 0.15, uwezo huo hubaki mara 1.6. Fundi anayeukaza tu mkanda wenye mafuta anaumiza beringi, na nguvu haiongezeki kwa kadiri anayotarajia.

Utelezi kidogo una faida yake. Kisu kikikwama ndani ya chuma, mkanda huteleza na meno ya gia husalimika. Vilevile South Bend ina mkono wa kulegeza mkanda, hivyo mota huanza kuzunguka bila mzigo. Hilo ni nafuu kubwa kwa karakana inayoendeshwa kwa jenereta ndogo, kama ilivyokuwa kwa miaka mingi Butembo.

Baada ya saa chache za kazi, fundi huzima umeme na kukagua ncha za kiungo. Ikiwa hazijanyanyuka na mkanda umelegea, husogeza mota nyuma. Nafasi ya kusogeza ikiisha, hukata kipande kifupi, huchonga kabari upya, na kuunga tena, spindeli ikiwa pale pale.