Usawiri wa Mwanamke Mtumwa katika Masimulizi ya Safari za Uha na Unyanyembe, 1871–1872: Uhakiki wa Neno "Mke"

Sehemu hii inahakiki matini mbili: How I Found Livingstone ya Henry Morton Stanley (1872) na The Last Journals of David Livingstone, shajara zilizohaririwa na Horace Waller na kuchapishwa mwaka 1874. Matini hizo zimesomwa sana kwa ajili ya wanaume wawili waliokutana Ujiji. Wanawake waliowapikia wamechukuliwa kama mandhari tu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba neno "mke", kama linavyotumika katika matini hizo, linaweza kuficha hali ya utumwa, na mtafiti anayelipokea bila kulihoji huurudia ufichaji huo.

Tukio la kwanza latokea Uha, nchi ambayo nyanda zake za juu leo zimo katika wilaya za Kasulu na Kibondo, Nduta ikiwamo. Mwishoni mwa mwaka 1871 Stanley, akiwa amechoshwa na hongo alizotozwa na watawala wa Waha, aliupitisha msafara wake usiku kwa siri, nje ya njia kuu. Mwanamke mmoja, mke wa mmoja wa watu wake, akapiga mayowe. Stanley akamchapa kwa mjeledi hadi aliponyamaza, kisha akafungwa kinywa. Mwandishi anayaeleza mayowe hayo kuwa ni wazimu. Jina la mwanamke halitajwi, wala simulizi la tukio hilo halisemi alimpataje mume huyo. Kumwita mtumwa moja kwa moja kungekuwa kuvuka mipaka ya ushahidi. Hata hivyo, kuridhika na neno "mke" ni kosa lile lile kwa upande wa pili, kama inavyodhihirika kwa Halima.

Halima, mpishi wa Livingstone, anatajwa kuwa mke wa Amoda, mtumishi wa Livingstone. Stanley anamchora Ujiji akichungulia kutoka jikoni kwa msisimko, kichekesho cha kupamba mkutano mkuu. Shajara inasema zaidi. Mwaka 1872, baada ya wasafiri hao kufika Kwihara karibu na Tabora, Halima aligombana na mwanamke mwenzake, Ntaoeka, akatoroka. Alirudi kwa hiari yake, lakini hakuingia. Alitaka Livingstone atoke nje amwambie aingie. Livingstone akatoka. Akampa nguo ya kumkinga na baridi, na akaandika kwamba atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani watakapofika Unguja. Mahali hapo hapo anadokeza kwamba alimpata kutoka kwa Katombo. Kwa hiyo "mke wa Amoda" alikuwa mtu ambaye uhuru wake ulikuwa mikononi mwa mwingine, tena mpinzani mashuhuri wa biashara ya watumwa.

Kiswahili kingemlazimisha mwandishi kuchagua. Sheria ya Kiislamu iliyofuatwa na mabwana wa pwani ilimkinga suria aliyemzalia bwana wake asiuzwe. Mjakazi aliyeozwa mtumishi hakuwa na kinga hiyo. Istilahi ya Stanley inaifuta tofauti hiyo, na tafsiri nyingine za Kiswahili zikiandika "mke" bila maelezo zitaifuta mara ya pili.

Ahadi ya nyumba na bustani nayo isisomwe kama ukarimu mtupu. Columella, mwandishi wa kilimo wa Roma ya karne ya 1, anaeleza kwamba alimpumzisha kazi mtumwa mwanamke aliyelea wana watatu, na aliyezidisha akampa uhuru. Huko uhuru ulipimwa kwa uzazi. Kwihara ulipimwa kwa tabia njema ya jikoni, kwani Livingstone anataja bidii na uaminifu wa Halima kabla ya kutaja uhuru wake. Kinachomtenga Halima ni kule kusimama nje ya mlango: alijua thamani ya kazi yake na akaitumia kudai heshima, bila kungoja ahadi. Mwanamke wa Uha hakuwa na mlango wa kusimama. Livingstone alifariki kwa Chitambo mwaka 1873, kabla ya kufika Unguja.