Dawa Juu ya Udongo

Wahenga walisema kwamba kizuri hakikosi ila. Neno hili hutumiwa sana katika kuhukumu mashairi na hadithi, lakini lafaa vilevile katika kuhukumu kazi za wanasayansi. Kwani kazi ya maabara, kama utungo, yaweza kusifiwa kupita kiasi na watu walioitazama kwa upande mmoja tu. Katika kurasa hizi, msomaji, nataka tupime pamoja ufundi mmoja wa kemia, nao ni ule wa kuipaka dawa juu ya kitu kigumu kisichoyeyuka, kama udongo, kabla ya kuitia kazini.

Kwanza yatupasa kuelewa shida iliyowafanya watu wautafute ufundi huo. Mwanakemia atakaye kugeuza kitu kimoja kuwa kingine huchanganya vitu vyake chomboni, akavipasha moto, na mwisho hupata mchanganyiko ambamo kitu akitakacho kimechangamana na mabaki ya dawa. Mara nyingi kukitenga huwa kazi ndefu kuliko kukitengeneza. Fikiri juu ya chai. Majani yake huzuiwa na chujio. Lakini sukari ikisha kuyeyuka, ni nani awezaye kuichuja? Ufundi huu wataka dawa iwe kama majani ya chai, isiwe kama sukari.

Mfano mashuhuri ulitoka Ufaransa mwaka 1968. Marcel Fétizon na Michel Golfier waliieneza kaboneti ya fedha, yaani madini ya fedha yaliyoungana na kaboneti, juu ya Celite. Celite ni unga mweupe wa magamba ya viumbe vidogo sana vya majini, waliokufa zamani na kurundikana chini ya maziwa na bahari. Udongo wa aina hiyo si mgeni kwetu Kenya: umechimbwa kwa miaka mingi huko Kariandusi, karibu na Gilgil, katika Bonde la Ufa. Dawa hiyo ikichemshwa pamoja na alkoholi huigeuza kuwa aldehaidi au ketoni. Kazi ikiisha, unga huchujwa, kimiminiko hugeuzwa mvuke kikaondoka, na kitu kinachotakiwa hubaki.

Sifa zake ni za kweli. Dawa haina asidi kali wala magadi makali, kwa hiyo haiviharibu vitu laini ambavyo dawa nyingine zingevivunja. Alkoholi inayoweza kugeuka aldehaidi na kisha asidi huishia kwenye aldehaidi, isivuke mpaka. Kwa mtu mwenye kiasi kidogo cha kitu cha thamani, msaada huo ni mkubwa.

Lakini sasa tuulize swali ambalo wasifu husahau: je, ni nini kilichobaki katika chujio? Tupige hesabu. Gramu 108 za alkoholi ya benzili hutoa gramu 106 za benzaldehaidi, kile kimiminiko chenye harufu ya lozi. Ili kuzigeuza zote zahitajiwa, kwa uchache kabisa, gramu 276 za kaboneti ya fedha. Nazo huacha nyuma gramu 216 za fedha tupu. Kwa kawaida hutiwa nyingi kuliko hizo. Basi mabaki yamezidi mazao maradufu, nayo ni ya madini ghali. Tena kazi hiyo ilizoeleka kufanywa katika benzini, kimiminiko ambacho leo chajulikana kuwa huleta saratani. Udongo umerahisisha kuchuja, haukupunguza taka.

Hapa ndipo tunapopaswa kutenga maneno mawili ambayo wengi huyachanganya. Kitendanishi ni dawa ambayo huliwa na kazi yenyewe. Kichocheo ni dawa ambayo huharakisha kazi, kisha ikabaki tayari kufanya nyingine. Kuweka kitendanishi juu ya udongo hakukifanyi kuwa kichocheo, kama vile kumpandisha mtu farasi kusivyomfanya kuwa farasi.

Kwa maoni yangu, ufundi huu ulistahili sifa kubwa zaidi pale ulipoanza kuvuka mpaka huo. Tangu mwaka 1877, Charles Friedel na James Crafts walipoonyesha nguvu za kloridi ya alumini, dawa hiyo imetumiwa sana kuunganisha vitu na benzini na jamaa zake. Ubaya wake ni kwamba mwisho wa kazi huvunjwa kwa maji, ikaacha maji machafu yenye asidi. Mwaka 1989, James Clark na wenzake huko York, Uingereza, walitangaza kazi yao ya kupaka chumvi za metali juu ya udongo uitwao montmorilonaiti, uliokwisha tibiwa kwa asidi. Kloridi ya zinki peke yake ni dhaifu katika kazi hiyo, na udongo peke yake ni dhaifu. Vikiwa pamoja vina nguvu ajabu. Kiasi kidogo hutosha, nacho huchujwa bila kumwagiwa maji. Hapa mbebaji si punda tu wa kuchukua mzigo, bali ni mshirika katika kazi.

Hata hivyo, ila haikosi. Kuna kazi ya pili ya Friedel na Crafts, ambayo mazao yake ni ketoni. Ketoni hung'ang'ania dawa iliyoizaa, na kwa sababu hiyo kloridi ya alumini hutiwa kwa wingi. Udongo wenye zinki nao hufanya kazi hafifu katika jambo hili. Kwa hiyo asemaye kwamba udongo umemaliza shida ya Friedel na Crafts amesema nusu ya kweli.

Iko ila nyingine iliyojificha. Dawa yaweza kuvuja kutoka kwa mbebaji ikayeyuka, na yule aliyeyeyuka ndiye anayefanya kazi, huku sifa akipewa udongo. Kipimo chake ni rahisi: chuja unga kungali moto, kabla kazi haijaisha, kisha utazame kimiminiko. Kikiendelea kugeuka kwa kasi ile ile, jua kwamba dawa imevuja.

Basi, msomaji, utakaposoma kwamba njia fulani ya kemia ni safi, usiridhike na weupe wa kilichopita katika chujio. Uliza kilichobaki juu yake ni kiasi gani, chaweza kutumika tena mara ngapi, na kazi ilifanywa na nani hasa. Kwa maswali hayo, dawa ya Fétizon itabaki na heshima yake katika maabara ndogo, wala haitafaa kiwanda kikubwa. Na udongo wa York utasifiwa kwa kazi iliyoiweza, usipewe ile iliyoushinda.