Ungeanza upya na miaka ngapi? Tulipeleke swali hili Bisie

Bakamaradi, kuna swali moja tunalopendaka kuulizana tukikaa pamoja sisi wenye diploma: kama ungepewa nafasi ya kuanza maisha upya, ungechagua kuanzia na miaka ngapi? Majibu tunayajua. Mmoja anasema 15, ili asome hesabu kwa nguvu. Mwingine 18, ili achague fakilte ingine. Dada mmoja anasema 22, kabla ya ndoa. Tunacheka, halafu kila mtu anarudi kwao na uzito kidogo mu roho, juu ameona tena pale ambapo anaamini "alipoteza" maisha yake.

Ninataka kulikosoa swali hilo. Tulipeleke mpaka Bisie, mu Walikale, na tuliweke mbele ya filamu moja iliyopigwa kule. Tuone kama litasimama.

Filamu inaitwa "Blood in the Mobile". Aliitengeneza Mdenmark mmoja, Frank Piasecki Poulsen, na ilitoka 2010. Hadithi yake ni nyepesi kueleza. Mtu ana telefone ya Nokia, anataka kujua kama mawe yaliyo ndani yake yanalipia vita yetu. Anauliza kampuni, hapati jibu la wazi. Basi anakuja Kongo, anafika Walikale, anapita mu pori mpaka Bisie, anaingia mu shimo. Anayemwongoza mule ndani ni kijana mdogo, mwenye umri wa mwanafunzi wa sekondari. Kisha mtengeneza filamu anarudi Ulaya na swali lake, na kijana anabaki.

Filamu hii ina nguvu yake, lazima tuikubali. Watu wengi waliandika juu ya Bisie bila kukanyaga tope lake. Huyu alikanyaga. Anaonyesha kwamba kasiterite, ambayo inatoa bati la kuunganisha vipande vidogo ndani ya telefone, inaanza na mtu anayetambaa gizani. Anaonyesha pia wenye bunduki wanaokula juu ya jasho la wengine. Hayo hakuyabuni. Kasiterite ya Bisie ilianza kuchimbwa 2002, na kwa miaka michache tu pori likageuka kijiji kikubwa cha maturubai. Chakula kilitoka barabarani Njingala, juu ya migongo ya watu. Magunia ya mawe yalirudi njia ile ile, juu ya migongo ile ile, na huko mbele ndege ndogo zilitua juu ya lami ya Kilambo ili kuyapeleka Goma. Kwa miaka kadhaa, mpaka 2009, wanajeshi wa brigade ya 85 ndio walioshika mlima na kulipisha watu.

Udhaifu wa filamu, kwangu mimi, uko mu namna inavyotumia umri. Miaka ya kijana yule imewekwa pale kama jiwe la mizani, ili roho ya mwangaliaji wa Ulaya ianguke upande unaotakiwa. Ukimaliza kuangalia, umri wake njo unabaki mu kichwa. Mipango yake haibaki. Anakuwa kijana milele, ndani ya shimo milele. Lakini sisi tunaishi huku, na tunajua kwamba mtu haendelei kuwa kijana. Leo huyo amepita miaka 30. Pengine ana bibi na watoto. Pengine anauliziwa swali letu: ungeanza upya na miaka ngapi?

Hapo njo swali linaanza kuvunjika. Chukua vijana watatu wa Walikale, wote wana miaka 17, wote wana akili sawa na bidii sawa.

Wa kwanza anafikisha 17 mu 2002. Mlima umefunguka karibuni. Akiacha shule, ataitwa mwerevu, juu wenzake wanarudi na mabati ya nyumba na pikipiki. Na angalia ajabu: Kode ya Madini ilitoka mwaka ule ule, tarehe 11 Julai 2002, na ilisema kwamba karata ya mchimbaji ni ya mtu mzima tu. Karatasi ilikuwa Kinshasa, mawe yalikuwa Bisie.

Wa pili anafikisha 17 mu 2010. Mwezi wa saba, kule Marekani, Obama anatia sahihi sheria ya Dodd-Frank, na kipengele chake cha 1502 kinataka kampuni ziseme kama madini yao yanatoka Kongo na nchi za jirani. Mwezi wa tisa Rais Kabila anasimamisha uchimbaji mu Kivu mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Hata ilipofunguliwa, wanunuzi wengi walikwisha kukimbia. Kijana wetu aliacha shule kwa ajili ya kazi, na sasa kazi yenyewe imemwacha.

Wa tatu anafikisha 17 mu 2019. Bisie ni ya kampuni sasa, Alphamin, na mwaka ule kiwanda kinaanza kutoa bati. Mlima uliokuwa unaita watu bila diploma unataka fundi wa umeme, dereva wa mashine, mtu wa maabara. Yule wa kwanza ana miaka 34, anajua mwamba kwa kuugusa tu, lakini hana karatasi ya kuonyesha mlangoni.

Miaka 17 ni ileile, maisha ni matatu. Njo maana ninasema swali letu limekosea neno. Linauliza "miaka ngapi" kama vile umri ungekuwa chumba unachorudia na kukikuta kama ulivyokiacha. Mu kwetu, kabla ya kuuliza miaka, inabidi uulize: mwaka gani, na nani alikuwa anashika njia? Sisi tuliozaliwa 1997 tulikuwa na 5 Bisie ilipofunguka, 13 ilipofungwa, 22 kiwanda kilipoanza. Hakuna hata mmoja wetu aliyechagua hesabu hiyo.

Tena, jambo la kuchagua umri sisi Wakongo tunalijua vizuri kuliko wale wanaolicheza kama mchezo. Sensa ya mwisho ilifanywa 1984, na kwa miaka mingi karata ya mchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho chetu. Basi tunajuana: mtoto anajiongezea miaka ili apite pale panapotakiwa mtu mzima, mwenye diploma anayekaribia 35 anatamani kupunguza yake ili kazi isimpite. Mmoja anaharakisha, mwingine anarudi nyuma. Wote wawili wanajaribu kufika mu mwaka ambao mlango ulikuwa wazi.

Najua kuna atakayesema: agronomu, unatafuta visingizio, kila kitu ni vita, kila kitu ni serikali, na mtu mwenyewe je? Ni swali la haki, na filamu pia haijibu. Inatoka kwa kijana inaenda kwa kampuni, kama vile kati ya shimo na ofisi ya Ulaya hakuna mtu anayeweza kuamua kitu. Kwa upande mwingine, mchezo wetu unambebesha mtu kila kitu: ungesoma, ungekataa, ungeondoka. Njia zote mbili zinamwacha mtu wa Bisie bila kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Niruhusuni nijibu na kitu cha kazi yangu. Kahawa ikizeeka, haizai tena vizuri. Mkulima ana njia mbili. Anaweza kung'oa na kupanda miche mipya. Hapo atangoja miaka 3 au 4. Ama anaweza kuikata chini, karibu sentimeta 30 toka udongo, mkato wa kuinama ili maji yateleze. Tunaita resepaji. Shina linatoa machipukizi, unaacha mawili au matatu yenye nguvu, na kwa karibu miaka 2 unavuna. Inaenda mbio kwa sababu mizizi ni ya zamani. Mti ule haukurudia kuwa mche. Umeanza upya na umri wake wote chini ya ardhi.

Na kuna sheria mbili za kazi hiyo ambazo swali letu halizijui. Ya kwanza: chunguza mizizi kwanza, ikioza, kukata ni kuua. Ya pili: mkulima mwenye akili hakati shamba lote siku moja. Anakata mistari fulani, anaacha mingine izae, juu watoto watakula nini?

Mtu aliyekaa miaka kumi mu Bisie ana mizizi. Anajua kusoma mwamba, kupima uzito, kugawa deni ya timu bila kuleta vita, kuvuta maji mu shimo. Kinachokosekana ni mahali pa kuichipusha. Vituo vya rattrapage vinabana miaka 6 ya shule ya msingi mu miaka 3, lakini vilipangwa kwa ajili ya watoto. Ona basi: hata kuanza upya kuna umri wake wa mwisho! Kwa mtu mzima aliyeacha sekondari, mlango unaobaki ni kuandikishwa Exetat kama autodidacte, na wengi mu vijiji hawaujui, ao wanaujua na hawana mtu wa kuwatayarisha.

Na mizizi inahitajika kweli, juu hapa kwetu hakuna mwanzo mpya unaodumu. Machi 2025, M23 ilipokaribia, mgodi wa Bisie ulisimamishwa na wafanyakazi wakaondolewa; siku chache baadaye Walikale-centre ikaanguka. Mwezi wa nne waasi walitoka na kazi ikarudi pole pole. Wale waliosema 2019 kwamba wameanza maisha mapya waliambiwa tena waanze. Wenzetu wa Masisi na Goma walikwisha kuambiwa hivyo tangu Januari.

Kwa hiyo filamu iangalieni, inastahili, lakini angalieni na kalenda mkononi. Na ule mchezo, tuubadilishe. Mtu akikuambia angeanza upya na 15, muulize: ni mzizi gani ulio nao leo ambao ungeuacha ukirudi kule? Kama anautaja bila kufikiri sana, hana haja ya kurudi. Na sisi wenye lisansi tulio kati ya Walikale-centre, Mubi na Njingala, saa mbili kwa wiki za kutayarisha wakubwa wa miaka 30 kwa Exetat hazitatumaliza. Hesabu, Kifaransa, biolojia: tunavyo. Wao watatufundisha mwamba.