Mkono Mwepesi

Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi mvua kubwa hazijafika, lakini jua limekwisha kukasirika. Pori la miombo limeungua kwa moto wa kiangazi, ardhi imebaki nyeusi, na ikifika saa nane mchana mwewe wa mtaa wa Ruashi hawapigi tena mabawa. Wanayatandaza tu, hewa moto inawapandisha bure. Hewa hiyohiyo ndiyo inayotikisa ndege inapoteremka kwenye kiwanja cha Luano, hadi abiria wanaanza kutaja majina ya watakatifu.

Mimi si rubani. Ni mpenzi wa zile programu za kompyuta za kuigiza urubani: nina mashine ya mtumba, usukani wa plastiki na kiti cha jikoni. Nimetua Luano zaidi ya mara mia bila kutoka chumbani, na mara nyingine umeme hukatika ndege ikiwa futi 300 juu ya ardhi, janga ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha urubani. Programu imenifundisha mengi ya kweli. Luano iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 30 hewa yake huwa nyembamba kama ya mahali penye mita 2,000 na zaidi, kwa hiyo ndege iliyojaa hukimbia sana kabla ya kuinuka. Hayo kompyuta inayaonyesha vizuri. Inachoshindwa ni tumbo. Skrini inatikisika, kiti changu kimetulia.

Tumbo nililijua Novemba moja, tukitoka Kinshasa. Nilikaa dirishani, nyuma kidogo ya bawa. Kahawa yangu ilitoka kikombeni, ikakaa hewani kidogo kama inayofikiri, kisha ikaniangukia gotini. Ncha ya bawa ilipanda na kushuka kama ufito wa mvuvi ulionasa samaki mkubwa. Nilijua kwamba bawa limeundwa lipinde, lakini kujua na kuona ni mambo mawili. Mama mmoja mfanyabiashara alinikamata mkono. “Mwanangu, ndege iko inaanguka?”

“Hapana, mama,” nikamjibu, huku nikisikiliza injini.

Injini ndizo zilizonishangaza. Nyumbani, skrini ikitikisika, mimi hufukuza kila namba: kimo kikishuka navuta, kikipanda nasukuma, mpaka dhoruba inakuwa mimi mwenyewe. Rubani wetu hakufanya hivyo. Alipunguza mwendo hadi ule uliowekwa kwa ajili ya hewa mbaya, injini zikabaki na sauti moja, pua na mabawa akayaweka sawa, kisha akaiacha ndege ipande na kushuka kidogo ipendavyo. Waulize vijana wanaoleta makala, yaani mkaa, mjini kwa baiskeli: penye mashimo, anayekaza mikono ndiye anayemwaga mzigo.

Karibu na Luano tulianza kuzunguka. Mvua ilikuwa juu ya kiwanja, na rubani akatangaza kwamba tutasubiri. Watu wakanung'unika. Mimi nilitamani kumpigia makofi palepale, maana wingu la radi lina hila yake. Hewa baridi huporomoka kutoka ndani yake, ikigonga ardhi inatawanyika pande zote. Ndege inayotua hukutana kwanza na upepo wa mbele, mwendo unaongezeka, rubani asiyejua anapunguza nguvu; sekunde chache baadaye upepo unamsukuma kutoka nyuma, mabawa yanakosa hewa ya kuyabeba, na ardhi iko karibu. Tetsuya Fujita, Mjapani aliyefanya kazi Chicago, ndiye aliyeichambua hila hiyo baada ya ajali ya New York ya 1975. Sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Tarehe 4 Aprili 2011 ndege ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Kisangani ilianguka ikitua Kinshasa katikati ya dhoruba. Kati ya watu 33, alipona mmoja.

Tulizunguka, tukazunguka tena, mvua ikasogea. Tulitua kwa kishindo, njia ikiwa bado imelowa. Mama yule alipofika mlangoni alisema kwa sauti, “Asante, papa piloti!” Kwa hukumu yangu, zile dakika za kuzunguka zilikuwa kazi bora kuliko kutua kwenyewe.

Lakini mkono mwepesi haumshiki abiria kitini. Tarehe 21 Mei 2024, ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilipatwa na msukosuko juu ya Myanmar, ikashuka kama mita 54 kwa muda usiotimia sekunde 5. Abiria mmoja alifariki, makumi wakajeruhiwa, wengi wakirushwa juu kwa kuwa hawakufunga mkanda. Basi ndugu msomaji, taa ya mkanda ikizimwa, wewe wako usiufungue.